UZI: Kila mlima una ndege wake. Wapi pa kwenda kutazama ndege Tanzania

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima yenu.

Kila nikisoma nyuzi za utalii wa ndani naona safari inapimwa kwa simba. Mtu kashinda Mikumi kutwa, simba kamkosa, anaandika kwamba hakuona kitu. Roho huniuma. Mimi ni mtazamaji wa ndege, huu mwaka wa kumi na moja sasa. Nchi hii imerekodi zaidi ya aina 1,100 za ndege, na baadhi yao ukiwakosa hapa huwapati popote duniani, uwe na fedha kiasi gani. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kutafuta kidege chenye uzito wa gramu chache kule Muheza. Sisi kila Desemba tunapita Segera na mabasi kwenda kula sikukuu, wala hatujui tumepita jirani na nini.

Nina jambo moja la kusema, mengine yote yatafuata hapo: usichague pa kwenda kwa ukubwa wa jina la hifadhi. Chagua kwa aina ya mahali. Msitu wa mlimani, kinamasi, nyika kavu, ziwa la magadi, ufuko wa matope, kila kimoja kina watu wake. Ndege wetu wengi wamefungwa na pale walipo. Kuna ndege wa mlima mmoja ambaye hajawahi kuonekana kwenye mlima wa pili, na milima yenyewe ukisimama juu ya mmoja unauona mwingine.

Milima hiyo ni ya Tao la Mashariki: Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho, Udzungwa na mingine, kuanzia Taita upande wa Kenya. Upepo wa Bahari ya Hindi unapiga pale, ukungu unakaa, msitu hauishiwi maji. Misitu ile imedumu mamilioni ya miaka huku tambarare kati ya mlima na mlima zikikauka. Kidege cha kwenye kivuli hakiwezi kuvuka kilomita 60 za vichaka na jua. Kikabaki kwake, kizazi baada ya kizazi, mpaka kikawa aina ya peke yake. Ni visiwa, basi, isipokuwa vimezungukwa na nchi kavu badala ya bahari.

Nianze na Amani, maana ndiko nilikoanzia mimi. Unashuka Muheza, unapanda gari la Amani, kilomita kama 35, barabara ya vumbi na kona. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na ndani yake kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Anayetafutwa na wageni wote ni mshoni mwenye mdomo mrefu, kidege cha kijivu kisicho na pambo lolote. Duniani kote anajulikana sehemu mbili tu: Usambara Mashariki na kipande cha kaskazini mwa Msumbiji. Niliwahi kudhani lazima nimfuate katikati ya msitu mzito, nikazunguka siku mbili bure. Mzee mmoja wa pale akaniambia, "Mwanangu, huyo hakai ndani. Kaa palipoanguka mti." Alinipeleka kwenye uwazi mmoja pembeni ya njia, mahali ambapo kamba za msituni zimejisokota zikafunika kila kitu. Tukakaa kimya kama nusu saa. Kwanza ikaja sauti, ting ting ting, kama mtu anagonga kijiko kwenye glasi mbali. Kisha kamba moja ikatikisika, kikatokea kichwa na mdomo mwembamba mrefu kuliko unavyotarajia kwenye mwili ule, kikachomoa mdudu chini ya jani, kikarudi ndani. Sekunde nne hivi. Sijazisahau.

Pale Amani ndipo alipofanya kazi Mwingereza Reginald Moreau tangu 1928, na jina la kitaalamu la ndege huyo limebeba jina lake. Lakini aliyekuwa akiingia msituni naye, mwenye jicho na sikio la kuwapata ndege, ni Salimu Asmani. Nalitaja jina hilo kwa makusudi, kwa sababu kuna wanaodhani kutazama ndege ni mambo ya wazungu yaliyotufikia juzi.

Amani kuna pia chozi wa Amani (chozi ni wale videge wenye mdomo uliopinda wanaokaa kwenye maua), na misitu ya chini ya Usambara Mashariki ina bundi mdogo wa Sokoke, wa kumtafuta usiku na mwenyeji anayejua njia. Tenga siku tatu. Mbili hazitoshi, ukungu ukishuka unaweza kupoteza asubuhi nzima.

Lushoto ni Usambara nyingine kabisa, ng'ambo ya bonde la Lwengera. Msitu wa Magamba uko karibu na mji, bodaboda inakufikisha. Pale kuna mnana wa Usambara, ambaye hafumi maisha yake kwenye matete kama minana wengine. Yeye hupanda magome ya miti yenye ndevu za kuvu, kama kigong'ota. Na shorobindo utawasikia kabla hujawaona, wanapiga makelele ya koo, halafu anaruka mmoja na mbawa zinafunguka nyekundu kama damu. Wekundu ule ni rangi yenye shaba ndani yake, na kwa ndege ni ukoo wao peke yao wenye rangi hiyo.

Pare Kusini, msitu wa Chome kuelekea kilele cha Shengena, ina kidege chake cha manjano chenye duara jeupe jichoni. Nilikwenda mara moja, mvua ikanyesha siku zote tatu. Nilimwona, lakini siwezi kusema naujua msitu ule.

Uluguru ni kwa watu wa Dar. Treni ya SGR imerahisisha, asubuhi uko Morogoro. Ukipanda Morning Side utapata ndege wengi wa pembezoni mwa msitu, ila mwenyewe mwenye nyumba ni mbwigu-msitu wa Uluguru, kofia nyeusi ya kung'aa, tumbo njano, na anaishi Uluguru tu. Upande wa Tegetero ndiko watu humtafuta. Hukaa juu kwenye vilele vya miti mirefu, kwa hiyo shingo itauma. Chozi wa Loveridge naye ni wa milima hiyo peke yake, na yeye hana makuu, hata kwenye maua ya pembezoni mwa shamba utamkuta.

Sasa Udzungwa. Hapa niwape kisa ambacho ni cha kweli. Mwaka 1991 watafiti wa Kidenmaki walikuwa kambini msituni, wakaletewa mchuzi wa ndege waliotegwa na wenyeji. Ndani ya sufuria wakaona miguu ambayo hawakuitambua. Si kuku, si kwale wa kawaida. Ndivyo sayansi ilivyompata kwale wa Udzungwa, na jamaa zake wa karibu zaidi wako misitu ya Asia. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote, na kumla. Kumwona si safari ya wikiendi: anakaa misitu ya juu kama Ndundulu na Luhomero, watu huingilia kijiji cha Udekwa, unabeba hema na chakula na unalala huko siku kadhaa. Kwa safari nyepesi nenda Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, panda hadi maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170. Hondohondo, ndege wenye midomo mikubwa, hapo watakupita juu ya kichwa, na mbawa zao zinavuma kama mtu anapepeta.

Ukiwa Mang'ula usirudi bila kufika Ifakara. Ng'ambo kidogo ya mji, pale mto Kilombero unapokatiza barabara, shuka usimame kwenye matete. Kuna mnana wa Kilombero, aliyetambuliwa rasmi mwaka 1990 tu. Dume ni njano na uso wake mweusi unashuka hadi kooni. Masika nimekaa pale nikimtazama mmoja akianza kiota: alichana ukanda mwembamba wa jani la tete kwa mdomo, akaruka nao unapeperuka nyuma yake kama utepe, akaufunga fundo kwenye bua mbili, akaning'inia kichwa chini kuukaza. Malori ya mpunga yanapita, baiskeli zinapita, hakuna anayegeuka. Duniani kote, ndege yule yuko bonde lile tu.

Nitaendelea na kaskazini, ziwani, na pwani. Karibuni na maswali, na wenye sehemu zao waziweke.

#2 Mdau wa Arusha

Mkuu uzi mzuri sana, nimesoma wote. Mimi niko Arusha mjini, sina gari, na Serengeti siiwezi kwa sasa. Huku kwetu kuna nini cha karibu?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, wewe umekaa juu ya dhahabu.

Anza na Hifadhi ya Arusha, unatoka mjini asubuhi unarudi jioni. Maziwa ya Momela ndiyo ya kukaa. Yamepangana, lakini maji yake hayafanani, kila ziwa lina kiasi chake cha chumvi na magadi, kwa hiyo hili lina heroe (flamingo) wamejaa, lile la jirani lina bata na vibisi. Zunguka taratibu, usikimbilie chui. Msitu wa Ngurdoto una shorobindo wa Hartlaub na hondohondo.

Ya pili haihitaji hata hifadhi. Barabara ya Namanga, kabla ya Longido, kuna eneo linaitwa Engikaret. Ni uwanda wa nyasi fupi, mtu wa kawaida anapita anaona jangwa. Pale anaishi kipozamataza wa Beesley, na ni mmoja wa ndege adimu kuliko wote Afrika. Wamasai wa pale wanajua alipo na watakutembeza, na malipo yanabaki kijijini. Tembea polepole, macho chini. Rangi yake ni ya udongo, ukikosa kumwona akikimbia humwoni tena. Usifukuzane naye: ndege wachache kiasi hicho, kila mmoja akiacha kiota kwa hofu ni hasara kubwa.

Ziwa Manyara ukipata kundi la kuchangia gari. Pale langoni kwenye msitu wa maji ya chemchemi, zima injini usikilize. Mwari na korongo kuna miaka hutaga juu ya miti kwa wingi, mti mzima unakuwa mweupe.

Tarangire ndiyo ninayoipenda kuliko zote za kaskazini, kwa sababu ya mambo matatu: cherero wa shingo njano wanaoingia na kutoka kwenye matundu ya mibuyu, kwenzi wa kijivu mwenye mkia mrefu, na mnana mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu. Hao wawili wa mwisho ni karibu wa Tanzania tu, na kwa bahati nzuri si waoga. Mnana yule atakuja hadi mezani mnapokula.

Serengeti na Ngorongoro sitaziandika sana, watu wanazijua. Mkifika, angalieni ndege karani anavyokanyaga nyasi kutafuta nyoka, na tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, dume anapojivimbisha shingo kumwita jike. Basi.

#4 Mdau wa Arusha

Asante sana kaka. Na Natron je? Nasikia heroe wote wanatoka kule.

#5 Mwanzisha uzi

Umesikia kweli. Heroe mdogo unaowaona Manyara, Momela, hata Nakuru na Bogoria kwa jirani zetu, karibu wote wa Afrika Mashariki wamezaliwa Natron. Maji yake ni magadi makali yanayochoma ngozi, na ukali huo ndio ukuta wao: fisi na mbweha hawavuki tope lile kwenda kula mayai. Dume na jike wanajenga kichuguu cha matope, jike anataga yai moja juu yake. Maji yakijaa sana, viota vinazama. Yakikauka sana, fisi wanapita. Kwa hiyo hawazaliani kila mwaka, wanasubiri mwaka unaokubali.

Kati ya 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi pale, watu wa ndege dunia nzima wakapiga kelele. Mimi ni mmoja wa wanaosema ziwa lile liachwe. Ukiharibu Natron hujaharibu ziwa moja, umezima heroe wa maziwa yote ya Bonde la Ufa.

Viota viko mbali katikati ya ziwa, hutavifikia na usijaribu. Utaona makundi ukingoni, kijiji cha Ngare Sero, na Ol Doinyo Lengai nyuma yako. Nenda na maji mengi, joto lake si la mchezo.

#6 Mdau wa Pemba

Assalaam alaykum nyote. Naona Pemba haijatajwa na nimeona nisinyamaze.

Kisiwa chetu kina ndege wanne ambao hawako pahala pengine popote: ninga wa Pemba (njiwa wa kijani), chozi wa Pemba, kile kidege cha manjano cha jicho jeupe, na bundi mdogo wa Pemba. Chozi na kile cha jicho jeupe huna haja ya kuwafuata, ukikaa barazani kwenye nyumba yenye maua watakuja wenyewe. Ninga ana kazi kidogo. Atafute kwenye mti uliozaa matunda, naye ni rangi ya majani, utaona matunda yanadondoka kabla hujamwona yeye.

Bundi ndiye wa Ngezi. Msitu upo kaskazini, unapita Konde. Nilipokuwa mdogo tulikuwa twaogopa kupita pale magharibi, wazee wakisema sauti ile si ya kheri. Ni hu moja tu, kimya, hu nyengine, kama mtu anayeita akiwa hana hakika kama kuna wa kumjibu. Nilipokwenda na mlinzi wa msitu na kumulika kwa mbali, nikakuta kitu kidogo kuliko mkono wangu, rangi ya hudhurungi nyekundu, macho manjano, amekaa kwenye tawi anakula panzi. Huyo ndiye aliyetutisha utoto wetu wote. Hukaa hadi kwenye mikarafuu, na pale wanapokata mikarafuu mikongwe naye hupoteza tundu lake.

Nendeni na mlinzi, lipeni ada ya msitu, na tochi isikae machoni mwake zaidi ya dakika.

#7 Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam. Shukrani sana ndugu yangu. Hilo la matunda kudondoka nitalitumia, mimi ninga nilimkosa safari nzima.

Kwa wanaopitia Unguja, Jozani ni lazima, shorobindo wa Fischer wako pale.

#8 Mdau wa Dar

Dar tusahauliwe tu? Maana huku mimi naona kunguru peke yake.

#9 Mwanzisha uzi

Kunguru weusi wale si wa kwetu, mkuu. Ni wa India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na wakavuka kuja bara. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, ndiyo maana mtaani kwako huwasikii shore na chozi kama ambavyo mzazi wako aliwasikia. Ukiona chozi anajenga kiota kwenye mwembe wako, jua anabahatisha.

Hata hivyo Dar ina vitu. Mashamba ya chumvi ya Kunduchi, kuanzia Oktoba hadi Aprili, maji ya bahari yakijaa. Ndege wa pwani wanaohamia kutoka Urusi na Ulaya ya kaskazini wanasukumwa na maji hadi kwenye mabwawa ya chumvi, wamejipanga safu. Ni vitwitwi wa kila ukubwa, sululu mwenye mdomo uliopinda, buabua, na korongo wachache. Maji yakitoka wanatawanyika matopeni na hutawaona vizuri, kwa hiyo angalia kwanza ratiba ya maji kujaa na kupwa. Waombe ruhusa wenye mashamba, ni kazi za watu.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe: fimbi (aina ya hondohondo), kororo (aina ya kanga) wenye vishungi kichwani, na ndege wa misitu ya pwani. Saa 12 asubuhi uwe umeshaingia.

Ukiwa na siku mbili na fedha kidogo, Saadani, mdomo wa mto Wami kwa boti. Ukiwa na fedha zaidi, Hifadhi ya Nyerere, mto Rufiji. Kingo za mto zimetobolewa matundu na keremkerem, ndege wanaokula nyuki, mamia, wanaingia na kutoka kama nyuki. Furukombe, tai mla samaki, yuko kila kona, na kwenye mivumo kuna tumbusi. Boti izimwe injini, iachwe ielee. Machi hadi Mei usiende, njia hazipitiki.

#10 Mdau mgeni

Naomba kuuliza wakuu, gharama za kuanzia zikoje? Na vifaa gani vinahitajika? Nisije nikanunua kitu nikajuta.

#11 Mwanzisha uzi

Darubini moja nzuri, ndiyo pekee. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, unaoingiza mwanga. Watu wanakimbilia 20x50 wakidhani kubwa ndiyo bora, ikifika msituni mkono unatetemeka, picha inacheza, ndege kaondoka. Mitumba inapatikana, ila ijaribu mchana: tazama nguzo ya umeme, ukiona nguzo mbili iache.

Daftari na kalamu. Andika tarehe, mahali, ulichoona, hata kama hujui jina. Programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure, unaweka orodha yako na watafiti wanaitumia. Orodha ya mtu wa Nachingwea au Kasulu ina thamani kubwa, kwa sababu huko wageni hawafiki, hakuna anayejua kilichopo ila wewe.

Hifadhini Mtanzania analipa ada ndogo kuliko mgeni na kwa shilingi, beba kitambulisho cha NIDA. Kinachokula fedha ni gari, si kiingilio. Misitu ya TFS kwa miguu ni nafuu zaidi, na ndiyo yenye ndege wa peke yao. Mwongoza njia wa kijijini mlipe vizuri.

Ombi langu kwenu: simu zenye sauti za ndege zisitumike kuwaita kila dakika. Nilipata kuwa kwenye kundi moja ambalo kiongozi wake alipiga sauti ya dume kwa nusu saa mfululizo mbele ya kiota. Dume halisi lilikuja kupigana na adui asiyekuwepo, likazunguka hadi likachoka, na makinda yakakaa bila chakula muda wote ule. Mimi nilikuwepo na sikusema neno. Leo nasema.

#12 Mdau wa Mbeya

Kusini huku tuna Kitulo, wenyewe tunaita Bustani ya Mungu. Unapandia Chimala, kona 57, ukifika juu ni nyasi na maua tu hadi upeo, baridi ya kuuma. Hifadhi tangu 2005 kwa ajili ya mimea, lakini ndege wapo. Novemba hadi Aprili kuna mbayuwayu wa bluu, ni bluu nzito kama wino, mkia una nyuzi mbili ndefu, anapita chini kabisa juu ya nyasi. Na tandawala wa Denham anatembea kama mwenye shamba. Mvua ndiyo msimu wenyewe, kwa hiyo leteni buti.

#13 Mwanzisha uzi

Asante mkuu, Kitulo sina la kuongeza. Ukiunganisha na Ruaha kupitia Iringa unapata nchi mbili tofauti ndani ya wiki moja: juu baridi na nyasi, chini mibuyu na vumbi na hondohondo wa Ruaha mwenye uso mweusi kuzunguka jicho.

Kanda ya Ziwa kwa kifupi: Rubondo kwa furukombe, sijaona palipojaa kama pale. Minziro, Kagera, mpakani na Uganda, kwa ndege wa misitu ya Kongo ambao Tanzania nzima wamefika pale tu. Shorobindo mkubwa wa bluu yuko huko. Malagarasi na Muyovozi ni kinamasi kikubwa mno, ndicho eneo letu la kwanza kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, na ndiko aliko yule korongo wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Kufika ni mtihani wa kweli. Bado sijamwona.

#14 Mdau wa Morogoro

Wakuu, nimerudi. Nilisoma uzi huu Alhamisi, Jumamosi nikapanda Morning Side na mdogo wangu kwa darubini ya kuazima. Jamani nimezaliwa Moro na sijawahi kuangalia juu. Tumeona ndege mdogo sana, anang'aa kijani kichwani, kifua chungwa kinaishia njano, mdomo umepinda, alikuwa kwenye maua mekundu pembeni ya shamba la mtu. Alikuwa na mwenzake wa kijivu asiye na mng'ao. Ni nani huyu? Mdogo wangu kamchora, nimeweka picha ya mchoro.

#15 Mwanzisha uzi

Mkuu, nimeuangalia mchoro. Mdomo umechorwa vizuri, na ule mpaka wa chungwa na njano kifuani ndio uliomaliza kazi. Huyo ni chozi wa Loveridge, dume, na wa kijivu ni jike lake. Ndege wa Uluguru na Uluguru tu. Mpe mdogo wako daftari, aandike tarehe na saa pembeni ya mchoro huo, na jina la mti wenye maua kama anaujua. Kisha rudini mwezi ujao muangalie kama jike bado anakuja na mwenzake. Akija peke yake na utando wa buibui mdomoni, anajenga.